Futi ya Shekuwe

Nguo zangu zote ni za dukani.
Mabega yanapwaya, mikono inanifika vidoleni,
na Mwanakheri hucheka: "Mume wangu huvaa kama aliyeazima."
Nami hucheka naye,
kicheko nilichokishona mwenyewe
kwa mkono, bila futi.

Sasa Maulidi yamebaki siku kumi na mbili.
Lali ana miaka minane,
kanzu ya mwaka jana imempanda hadi kwenye miundi.
"Mpeleke Langoni akapimwe,"
mamake asema huku achambua mchele,
kama mtu asemaye, nipe chumvi.

Akapimwe.

Nimesimama mlangoni na kiatu kimoja.
Mkono umekufa ganzi hadi kiwikoni.
Nanusa chaki. Nyumbani mwetu hamna chaki.
Nanusa mafuta ya cherehani,
nasikia komeo la ndani,
lile la mbao, likiingia polepole, kwa adabu,
kama mji huu ufanyavyo kila jambo.

Miaka minane nami nilikuwa nayo.
Fundi Shekuwe aliishika futi kwa meno,
akasema, "Ndoo, kijana. Simama wima.
Vuta pumzi. Usitikisike."
Sikutikisika.
Hilo ndilo sijajisamehe hadi leo:
niliambiwa nisitikisike,
na nilikuwa mtoto msikivu.

Nilihesabu vifungo ndani ya kopo la maziwa.
Mia moja na kumi na tatu, vyeupe vyote
isipokuwa kimoja cha samawati.
Mtu akiniuliza kulitokea nini
nitampa habari za kile kifungo.
Naweza kukichora.
Yaliyobaki yako mwilini, na mwili hauna maneno,
una jasho tu, na kushtuka usiku
mke anapogeuka upande wangu,
nami nikamwambia, "Joto."

Kanzu ilinikaa vizuri mno.
Watu wakasema, mashallah, fundi ana mkono.
Mama alimpelekea sahani ya visheti.
Nikaomba nisipelekwe tena. Nikapelekwa:
"Mwanamume mzima, waogopa sindano?"

Alipokufa nilibeba jeneza.
Ndiyo. Zamu yangu ilipofika
nikatia bega kama wengine.
Walimsifu: mpole, hakosi safu ya mbele.
Nikaitikia amina.
Ulimi ulikuwa na ladha ya chaki.

Walisema, funika kombe mwanaharamu apite.
Nimelifunika miaka thelathini na moja.
Hakupita.
Yumo humo kombeni.
Hunywa chai nami.

"Baba, twende?"
Lali amevaa ndara kinyume, ya kulia kushoto,
anarukaruka. Hajui kitu.
Ningependa asijue. Ningependa ajue.
Utamwambiaje mtoto kuwa mwili wake ni wake
kwa kinywa ambacho hakijaliamini hilo?

Fundi wa sasa ni kijana, Famau,
cherehani yake iko barazani
mbele ya kila mpita njia na punda wake.
Hakuna komeo. Nimetazama mara mbili.
Nasimama karibu mno hadi ananiangalia.
"Nipe hiyo futi," nasema. "Nitampima mimi.
Wewe andika."

Vidole vinatetemeka.
Bega: inchi kumi na mbili, au kumi na tatu.
"Lali, ukitaka niache, sema. Nitaacha."
"Baba, chuma chake cha baridi!"
Anajipinda, anacheka, namba zinanitoroka.
Tikisika, mwanangu.
Tikisika hadi futi ikatike.

"Vipimo hivi si sawa," Famau asema. "Itapwaya."
"Iache ipwaye."

Usiku Mwanakheri ageuka upande wangu.
Nashtuka. Neno "joto" liko tayari mdomoni,
limekaa hapo kama pini za fundi.
Nalitema.
"Kulikuwa na kopo la vifungo," nasema.
Hasemi kitu. Feni inazunguka.
"Kimoja kilikuwa cha samawati."